Sufuria ya Tambi Iliyoishia Mlangoni

Mpendwa Nanay Ising,

Naomba wewe unayejibu barua za watu gazetini unijibu kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu wa Agosti, kwa sababu Ijumaa hiyo ikinikuta bila neno lako nitafanya jambo mbele ya shule nzima, na mimi si mtu wa vituko, mimi ni mfua nguo, nina miaka ishirini na tisa na watoto watatu, na barua hii naiandika vipande vipande, mstari mmoja mtoto analia, mstari mwingine nakimbia kuanua nguo mvua isizikute, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Nafua kwa Madam Estrelita Villaruz kila Jumanne na Jumamosi. Ndiye pia mama wa ubatizo wa binti yangu mkubwa, Mayumi, mwenye miaka kumi na mmoja. Nilimwomba mwenyewe nikiwa na mimba ya miezi minane, maana hapa Tabunan kila mtu humtafutia mtoto wake msimamizi mwenye uwezo, na mama yangu aliniambia, "Kamwombe Madam, hawezi kukataa, kumkataa mtoto wa ubatizo ni mkosi." Kweli hakukataa. Ila tangu siku ile mimi ndiye nisiyeweza kumkataa yeye kitu chochote. Tunaitana kumare, kama wanavyoitana mama mzazi na mama wa ubatizo, lakini mimi hulitamka neno hilo nimesimama na yeye amekaa.

Sasa sikiliza, Nanay. Novemba mwaka jana kilipita kile kimbunga kilichochukua nusu ya bati langu. Mume wangu Rodel alikuwa Cebu kwenye ujenzi, kazi ikasimama, barabara zikafunga, hakuweza kutuma hata peso. Siku tatu baadaye, Jumapili, Madam alitimiza miaka sitini, na kwa kuwa nyumba yake iko juu kilimani na wageni walishaalikwa, sherehe ikafanyika. Nilitakiwa niende kuosha vyombo lakini mwanangu wa mwisho, Benjie, ambaye bado ananyonya, alikuwa na homa kali, sikwenda. Jumatatu mchana nyumbani kulikuwa na mchele wa kujaza viganja viwili na pakiti moja ya kahawa. Nikapika wali, nikaumwagia kahawa na sukari kidogo aliyotuletea jirani, ukawa mweusi kabisa, nikawaambia watoto, "Leo tunakula uji wa chokoleti!" Dodong, mwanangu wa kati, ana miaka minne, aliruka, akapiga sahani kwa kijiko, "Chokoleti! Mama, niongeze chokoleti!" Mayumi alinitazama, unajua lile jicho la mtoto aliyeshaelewa, halafu akaanza kucheka naye ili anisaidie. Nikacheka na mimi. Sikula. Niliwaambia nimeshakula kwa Madam, na Mayumi alijua sijatoka nje ya nyumba siku mbili.

Tukiwa hivyo nikasikia ndala nje, kivuli kikasimama nyuma ya pazia la mlango. Wewe ni mtu wa huku, unajua, hatuwezi kusikia mtu anapita na sisi tunakula tusimkaribishe, hata kama tunakula mawe. Nikaita, "Karibu tule!" Sauti ya chini ikajibu vile watu wanavyojibu, "Endeleeni tu, nimeshiba." Ndala zikaondoka. Nikadhani ni jirani yangu Aling Bebang anaenda bombani. Nilimshukuru hata Mungu kwamba hakuingia, maana ningempa nini.

Nikasahau. Mwezi wa sita mwaka huu Mayumi akarudi na karatasi ya somo la kusoma. Madam tangu astaafu anaandika hadithi fupi, na moja imepata zawadi ya kwanza kwenye jarida la mjini, basi Mwalimu Nenita akaona fahari kuisomesha darasa la tano kwa sababu mwandishi ni wa kwetu. Hadithi yenyewe ni ya mjane tajiri ambaye siku moja baada ya sherehe yake anabeba sufuria ya pansit, zile tambi ndefu za siku ya kuzaliwa, na juu yake vipande vya nguruwe wa kuchoma, anampelekea mfua nguo wake. Anafika mlangoni anasikia vicheko. Anachungulia pembeni mwa pazia anaona watoto wanakula wali mweusi na kuuita chokoleti, na mama yao hali, kwa sababu, nanukuu, "furaha ilikuwa imeshamjaza." Anakaribishwa. Anajibu ameshiba. Kisha anageuka na sufuria yake, nanukuu tena, "niliona aibu kuingiza sufuria yangu katika nyumba isiyopungukiwa na kitu." Anarudi kwake, anakaa peke yake kwenye meza ya viti kumi na viwili, analia kwa kuwa hakuna anayecheka.

Nilisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisema masikini, watu gani hawa. Mara ya pili nikafika kwenye chokoleti, nikajua ni sisi. Nanay, alikuwa mlangoni. Alikuwa na sufuria. Mwanangu ana homa ndani, maziwa yamenikauka kifuani kwa kutokula, na nguruwe wa kuchoma amesimama nje ya pazia hatua tatu kutoka kwenye sahani za watoto wangu, halafu amerudi nyumbani kwa sababu tulicheka!

Chini ya hadithi kulikuwa na maswali. Swali la nne: Kwa nini familia maskini ni tajiri kuliko mjane? Mayumi aliandika, "Si tajiri. Mama alidanganya kuwa ni chokoleti na mimi nilijua." Mwalimu kapiga mkasi mwekundu, alama ya kukosa, kaandika pembeni, "Soma tena kwa makini." Asome tena nini? Mtoto alikuwepo, alikuwa anatafuna! Akaniuliza, "Mama, aliyekosea ni mimi au karatasi?" Nikamwambia kachote maji. Ndiyo nilichomjibu. Akachukua ndoo akaenda.

Jumanne yake nikamuuliza Osang, mpishi wa Madam, kama anaikumbuka ile Jumatatu.

"Naikumbuka vizuri," akasema, "si alinipakulisha sufuria nzima, 'hii ya kumare wangu.' Kidogo hivi karudi nayo, macho mekundu, kafungua daftari. Tambi zikakaa mezani mpaka kesho yake, zikachacha."

"Zikaenda wapi?"

"Kwa mbwa. Kwani hukuziona? Mbona kaniambia hamkuzihitaji?"

Wiki mbili zilizopita Madam akaniita sebuleni, akaniambia nikae, sijawahi kuambiwa nikae. "Kumare, habari njema! Ijumaa ya mwisho shule inafunga Mwezi wa Lugha, wataigiza hadithi yangu. Mayumi ataigiza mtoto. Na wewe na wadogo zake mtapanda jukwaani mwishoni, mvishwe mashada ya maua ya sampagita. Utaleta sufuria yako, ile ile, na wali wa kahawa, muwapakulie wageni kidogo kidogo. Mkurugenzi wa elimu atakuwepo. Utasema maneno mawili tu, kwamba mna furaha."

Nikasema, "Madam, mimi si mtu wa kusema mbele za watu."

"Ndiyo uzuri wake!" akasema. "Usijifunze chochote. Cheka tu kama siku ile." Kisha akanishika mkono, akasema kwa sauti ya kweli kabisa, sikudanganyi, "Hujui ninavyowaonea wivu. Mwanangu yuko Kanada, hunipigia Krismasi mpaka Krismasi. Nyinyi mna kitu ambacho siwezi kukinunua."

Nikamjibu, "Ndiyo, kumare." Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Ndiyo, kumare!

Nimempigia Rodel. Kasema, "Sasa kinachokuuma ni nini? Cheka, vaa maua, rudi nyumbani. Hadithi tu hiyo. Amemnunulia mtoto viatu vya shule miaka mitano, wewe umenuna kwa sababu ya tambi?" Nikamwambia hizo tambi wamekula mbwa. Kasema, "Basi kagombane na mbwa." Nikamkatia simu, halafu nikalia, kwa sababu na yeye huko analala kwenye mbao na anajua kabisa nikifukuzwa hatuna pa kushika.

Sasa nifike kwenye kosa langu, nalo sijamwambia mtu. Jumamosi iliyopita Madam alinipa nimfulie gauni lake la kuvaa siku ya mchezo, la nyuzi za majani ya nanasi, limedariziwa kwa mkono, la marehemu mama yake. Akasema, "Taratibu, kumare, hili lina roho." Nikaenda nalo nyuma kwenye beseni. Chupa ya dawa ya kung'arishia mashuka ilikuwa pembeni. Nanay, sikuteleza. Niliifungua nikamimina kwenye bega la kushoto, nikasimama nikaangalia maua ya darizi yanageuka manjano, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita nikahisi njaa ya kweli, nikala ndizi mbili. Nimelikunja, nimelificha chini ya kapu la mashuka. Hajaliulizia bado.

Ninachokusudia ni hiki: nipande jukwaani kama anavyotaka, nishike kipaza sauti, niseme yote. Tambi, mbwa, maziwa, yote, mkurugenzi akisikia. Mayumi hajui. Amekariri maneno yake yote ya mchezo, hata ya Madam, anayasema akiosha sahani. Je, nifanye hivyo, au nicheke kama anavyotaka Rodel? Na gauni nifanyeje?

Wako,
Mama yake Mayumi

*

Mama yake Mayumi,

Barua yako nimeisoma jikoni, wali wangu ukaungua, kwa hiyo tuanze na mimi nikiwa na hasira zangu pia. Nimebadilisha majina yenu wote na la kijiji. Madam akisoma atajijua, na ajijue. Jibu hili nakutumia kwa mkono wiki moja kabla gazeti halijatoka, kwa sababu kuna jambo lazima alisikie kinywani mwako kabla hajalisoma kwangu.

Hasira yako ni ya haki. Nakwambia mapema kwa sababu naona umezungukwa na watu wanaokuuliza kinachokuuma ni nini. Kinachokuuma ni kwamba mtu alifika mlangoni na chakula, akaona watoto wenye njaa, akaona vizuri hata akakumbuka rangi ya wali, akachagua kurudi nacho kwa kuwa picha ilimpendeza. Angeingia, hadithi yake ingekosa mwisho na nyinyi mngepata chakula cha mchana. Alichagua mwisho. Na usikubali mtu akwambie eti ni hadithi tu. Hadithi waandike. Nimesoma nyingi za namna hiyo tangu nikiwa shule, maskini wanacheka na tajiri analia dirishani, na sijawahi kuona hata moja iliyoandikwa na yule aliyekuwa hajala.

Machozi yake ni ya kweli, nakubali. Nyumba ya viti kumi na viwili na simu ya Krismasi mpaka Krismasi, hilo ni jambo la kuhuzunisha, na ukiwa na nafasi moyoni mhurumie. Ila huzuni yake ni yake. Njaa ilikuwa yenu. Haviwekwi kwenye mizani moja ili ionekane kipi kina heri.

Sasa zamu yako, kaa vizuri. Miaka kumi na mmoja mwanamke huyu anakuuliza hali na wewe unamjibu nini? Nitakwambia, maana nawajua wanawake wetu, na mimi ni mmoja wao: "Tuko sawa tu, Madam." Bati limeng'oka, tuko sawa tu. Mtoto ana homa, tuko sawa tu. Ulimfundisha mwenyewe kusoma kicheko chako vibaya. Hili halimwondolei kosa, alikuwa na macho na alikuwa na sufuria. Lakini wewe nawe acha kumhudumia kwa uongo huku ukimlaumu kwamba ameula.

Na mtoto! Mtoto anakuuliza nani amekosea, unampa ndoo? Leo hii, kabla hujafua kitu kingine, mkalishe Mayumi umwambie, "Ulikuwa sahihi. Tulikuwa na njaa, nilidanganya, na wewe ulicheka kunisaidia, niliona." Mwambie uliona. Amebeba hilo peke yake tangu Novemba. Halafu chukua ile karatasi, nenda nayo kwa Mwalimu Nenita mkiwa wawili, umwambie kwa adabu kwamba jibu la swali la nne limetolewa na mtu aliyekuwa ndani ya nyumba. Usiondoke mpaka mkasi ule mwekundu ufutwe.

Kipaza sauti usikiguse. Najua unakitamani. Lakini nitakwambia kitakachotokea, nimekaa kwenye hizo sherehe maisha yangu yote. Utaanza kusema, sauti itakatika, utalia, Dodong ataanza kulia, na watu watapiga makofi. Watadhani ni sehemu ya mchezo! Mkurugenzi atafuta macho kwa leso. Madam atakukumbatia mbele ya kamera, na shada la maua litakaa shingoni mwako kama kawaida. Hasira yako ni kitu cha thamani, usiipeleke mahali itakapogeuzwa burudani.

Jukwaani hupandi, na sufuria yako haiendi popote. Kuhusu Mayumi kuigiza, muulize mwenyewe baada ya kumwambia ukweli. Akitaka, aigize, kucheza mchezo si dhambi. Akikataa, wewe ndiye utakayempelekea mwalimu habari, si yeye.

Gauni. Hapo umenikera. Lilikuwa la marehemu mama yake, na marehemu huyo hakukunyima tambi. Na ndizi mbili ulizokula baada ya kulichoma nazielewa, Mungu anisamehe, ila ulichofanya ni kumpa Madam hadithi ya pili, ya mfua nguo asiye na shukrani, na hii ataiandika haraka kuliko ya kwanza. Jumanne litoe chini ya kapu. Lishike mikononi. Nenda mlango wa mbele, si wa nyuma wa mabeseni. Mwambie, "Nililimwagia dawa kwa makusudi." Usithubutu kusema chupa iliteleza. Ukisema iliteleza atakusamehe, na msamaha wake nao utaenda kwenye daftari. Mwombe radhi kwa ajili ya gauni, kwa gauni peke yake, na umwambie utalitafutia mdarizi wa kubadilisha bega hilo, utafua mpaka gharama yake iishe. Vuta pumzi. Kisha, ukiwa umekaa, na kama hajakukaribisha kiti vuta mwenyewe, sema haya: "Kumare, siku ile ulisimama mlangoni kwangu na chakula. Watoto wangu walikuwa na njaa. Ulirudi nacho." Hapo nyamaza. Usieleze, usilie, usimsaidie kwa kucheka. Ataanza kusema kuhusu furaha. Mwache amalize, urudie yale yale.

Anaweza kukufukuza. Sikudanganyi. Ndiyo maana kabla ya Jumanne utapita kwenye nyumba ya wageni ya binamu yangu karibu na bandari, kwenye bahasha hii kuna kikaratasi cha kumpa. Ana mashuka ya vyumba tisa na mfuaji wake ameolewa Bacolod. Si kazi nyepesi, lakini huko hutamwita mtu kumare ukiwa umesimama. Rodel mwambie mimi ndiye niliyekutuma, na mwambie pia kwamba mbwa sikuweza kugombana nao, walishashiba.

Na inawezekana asikufukuze. Inawezekana Madam huyo akakaa kimya, akaelewa, na siku moja akaja tena kwenu na kitu mkononi. Watu hubadilika, si wengi, ila nimewaona. Kwa hiyo nakuachia la mwisho, na hili ulifanye hata kama mila yetu itanuna. Siku nyingine mkiwa mnakula chochote mlichonacho, ukasikia ndala nje na kivuli kikasimama mlangoni, usiite kwa mazoea kutoka ndani. Inuka, vuta pazia, utazame amebeba nini. Kama ni sufuria, ipokee kwa mikono miwili kabla hajapata nafasi ya kusema ameshiba, halafu umpe kiti.

Nanay Ising